SOMO LA AFYA: BANZI GANI KWA KIDOLE GANI?



Mashindano kati ya madarasa yameanza: mupira wa miguu, volebol, basket, na handibol ya wasichana. Kila juma tunaona mutu anaingia mu darasa na kidole kimevimba sawa ndizi. Hapo shauri linaanza. Wa kwanza anasema: «Kivute, kitarudi.» Wa pili anasema: «Kifunge na kijiti.» Wa tatu anasema: «Kiache, kitapona chenyewe.» Wa pili na wa tatu wanaweza kuwa na haki, kufuatana na kidole na namna kilivyoumia. Wa kwanza hana haki hata siku moja, na hapa chini tutaonyesha sababu.

Wengine watauliza: juu ya nini kumaliza kurasa za bulletin yetu kwa maneno ya kidole? Tunajibu: Kolwezi ni muji wa mikono. Baba wengi wanafanya kazi mu mashimo ya shaba na kobalti, mama wengi wanabeba na kupanga vitu ku soko, kaka wengi ni wachimbaji, wanashika nyundo na chuma tangu asubuhi mpaka magaribi. Kiungo cha kidole kikikauka kimepinda, nyundo haishikiki vizuri, jembe halishikiki, na biki vile vile. Sisi wa mwaka wa sita tutaandika egzame ya Serikali kwa mukono, haiko kwa mdomo peke yake. Kidole ni kidogo, lakini kinashika maisha ya mutu.

I. KIDOLE KIMEJENGWA NGISI GANI

Tazama mukono wako. Kila kidole kina mifupa 3, lakini kidole gumba kina 2 tu. Kwa hiyo mukono mmoja una mifupa 14 ya vidole. Mahali mifupa inakutana tunaita kiungo. Ili tusichanganyikiwe, tutaviita kwa herufi:

A = kiungo kilicho karibu na kiganja (ile tunagonga nayo mlango);
B = kiungo cha katikati;
C = kiungo kilicho karibu na ukucha.

Kidole gumba hakina B. Kina A na C tu.

Mufupa na mufupa vinashikwa pamoja na kamba ngumu, nyeupe, ambazo tunaita ligamenti. Ku kila kiungo kuna ligamenti mbili za ubavuni, moja huku na moja kule, zinakataza kidole kulala upande. Chini, ku upande wa kiganja, kuna bamba nene linalokataza kidole kupinda kwa nyuma. Kano ni kitu kingine: kano inaunga musuli na mufupa, njo inavuta kidole kikunjwe au kinyooke. Mu muji watu wanaita vyote «mushipa», wanasema «mushipa umekatika». Kwa kuongea ni sawa, lakini kwa kutunza haitoshi, maana ligamenti na kano hazifungwi namna moja.

Sasa fanya jaribio hili pale ulipoketi. Nyoosha mkono, tawanya vidole: vinatawanyika bila shida. Kisha kunja A zote mpaka vidole vitazame mbele kama kona ya daftari, B na C zibaki zimenyooka, na ujaribu tena kutawanya vidole. Umeona? Vinakataa. Sababu ni hii: kichwa cha mufupa ku A hakiko mviringo kamili. A ikinyooka, ligamenti zake zinalegea; A ikikunjwa, zinakazwa. Kwa hivi, A ikifungwa imenyooka kwa majuma mengi, ligamenti zinakauka mu hali ya ulegevu, zinakuwa fupi, na kisha A haikunji tena. Mutu hawezi kufunga ngumi.

Ku B mambo ni kinyume. B ikibaki imekunjwa siku nyingi, lile bamba la chini na ligamenti zinajikunyata, na kidole hakinyooki tena. Njo maana tunashika sheria hii: MUKONO UKIFUNGWA, A ILALE IMEKUNJWA, B NA C ZILALE ZIMENYOOKA. Munganga mpasuaji J. I. P. James, wa Edinburgh huko Scotland, njo anajulikana kwa kufundisha hali hiyo, na mpaka leo waganga wa mikono wanaifuata. Kuna kesi moja ambapo B inafungwa imekunjwa kidogo. Tutaiona ku Njia ya 3.

II. KUUMIA KUNA NGAZI TATU

Mupira ukigonga ncha ya kidole kwa ubavu, kidole kinafanya kazi sawa mtaimbo, ile tunasoma mu Fizika. Tuseme kutoka ncha mpaka B kuna sentimeta 5, na upana wa kiungo ni sentimeta 1. Nguvu ya mupira inazidishwa karibu mara 5 mbele ya kufika ku ligamenti. Mupira haukuwa mkali sana, lakini ligamenti imevutwa kweli kweli.

Ngazi ya 1: Ligamenti imevutwa, nyuzi chache zimeumia. Inauma na kuvimba, lakini kiungo ni imara.
Ngazi ya 2: Sehemu ya nyuzi imekatika. Kiungo kinalegea kidogo, lakini munganga akikijaribu anasikia kinafika mahali kinakataa.
Ngazi ya 3: Ligamenti imekatika kabisa. Kiungo kinafunguka ubavuni bila kukataa. Wakati mwingine hapa maumivu ni kidogo kuliko ngazi ya 2, basi usipime ubaya wa kidole kwa kilio cha mwenyewe.

Kujaribu ulegevu ni kazi ya munganga, haiko kazi ya rafiki ku kiwanja. Ligamenti inaweza pia kung'oa kipande cha mufupa, na kitu hicho kinaonekana kwa radio peke yake.

III. NJIA ZA KUFUNGA, MOJA KWA MOJA

Kufunga kwa banzi ni kazi ya zamani sana. Mwaka wa 1908 G. Elliot Smith aliandika juu ya mabanzi ya miti yaliyofungwa na kitambaa, yalipatikana mu makaburi ya Naga-ed-Der huko Misri, na umri wake unapita miaka 4000. Bandeji ya plasta iliyolowanishwa ilikuja nyuma sana: Antonius Mathijsen, munganga wa askari wa Uholanzi, aliitengeneza mwaka wa 1851. Wazee wetu nao wanajua matete, mianzi na maganda ya miti. Kwa hiyo swali haliko «banzi ya kizungu au ya kwetu?» Karatoni ngumu ikikatwa vizuri inaweza kushika kidole mpaka ufike ku dispanseri. Swali ni: kiungo gani, upande gani, na kwa siku ngapi?

Njia ya 1: Kidole na ndugu yake.
Kidole kilichoumia kinafungwa pamoja na kidole cha jirani kwa sparadra. Sparadra ya kwanza inapita kati ya A na B, ya pili kati ya B na C. Usifunge juu ya kiungo chenyewe, maana kinapaswa kukunjwa. Kati ya vidole viwili weka kipande cha gaze au kitambaa kikavu, la sivyo jasho litaoza ngozi.
Jirani yupi? Fuata upande wa ligamenti iliyoumia. Kama mupira ulisukuma kidole cha kati kuelekea kidole cha kuonyesha, ligamenti iliyovutwa iko upande wa kidole cha pete. Kifunge basi na kidole cha pete, kimushike asiende tena kule.
Faida: ni bei ndogo, kidole kinaendelea kukunjwa na kunyooka, hakikauki. Ni njia nzuri kwa ngazi ya 1, kwa kawaida juma 2 mpaka 4, na mu michezo mpaka juma 6.
Upungufu: haitoshi kama kiungo kinalegea sana. Tena kidole cha kuonyesha kikiumia upande wa gumba, hakuna jirani wa upande ule. Ukikifunga na kidole cha kati, unakivuta kule kule kulikokiumiza. Hapo banzi inahitajika, na munganga aone, sababu kila mara tunapobana kitu kati ya gumba na kidole cha kuonyesha, ligamenti ile inavutwa.

Njia ya 2: Banzi iliyonyooka.
Ni kijiti laini, au aluminiumu yenye mousse, kinalazwa kando ya kidole ili B ibaki imenyooka. A inaachwa huru. Kama B peke yake imeumia, C pia inaweza kuachwa huru.
Faida: inapumzisha ligamenti, inapunguza maumivu, na inazuia B kukauka imekunjwa. Inafaa ngazi ya 2, kwa kawaida siku 7 mpaka 14, kisha mutu anarudi ku Njia ya 1.
Upungufu: ikipita siku zake, kidole kinakuwa kigumu. Wengi wanafikiri kama juma 2 ni nzuri, juma 6 ni nzuri zaidi. Haiko hivyo. Kwa ligamenti ya B, banzi ya siku nyingi inaweza kuacha ubaya kupita ule wa mupira.

Njia ya 3: Banzi ya mgongo yenye kuzuia.
Hii ni kwa mutu ambaye kidole kilipindishwa kwa nyuma na bamba la chini la B likaumia. Hutokea mara nyingi kwa golikipa na kwa wachezaji wa volebol. Banzi inalala ku mgongo wa kidole, imekunjwa kidogo, digri 20 mpaka 30. Mutu anaweza kukunja kidole apendavyo, lakini akitaka kukinyoosha kabisa banzi inamukataza. Kila juma munganga anaifungua kidogo, mpaka kidole kinyooke nyuma ya juma 2 au 3. Kisha Njia ya 1.
Faida: bamba linapona na kidole kinatembea, vyote pamoja.
Upungufu: inataka munganga wa kuipima na mgonjwa wa kurudi kila juma. Mwenye kupewa banzi hii na kusahau kurudi atabaki na kidole kilichopinda.

Njia ya 4: Banzi ya kidole gumba.
Mutu akianguka na gumba limevutwa mbali na mukono, ligamenti ya A ya gumba, upande wa ndani, inaumia. Mwaka wa 1955 munganga Campbell aliandika juu ya jambo hilo kwa walinzi wa wanyama wa Scotland, ambao kazi yao ya kuvunja shingo za sungura ililegeza gumba pole pole. Kwetu ni golikipa, na yule anayeanguka na pikipiki mkono umeshika usukani.
Banzi inashika gumba na kifundo cha mukono, C inaachwa huru. Kwa ligamenti iliyokatika nusu, ni juma 4 mpaka 6.
Lakini angalia sana! Ligamenti hii ikikatika kabisa, ncha yake inaweza kuruka juu ya utando wa musuli ulio jirani. Bertil Stener wa Uswidi alieleza hayo mwaka wa 1962. Utando unasimama katikati kama ukuta, na hakuna banzi itakayokutanisha ncha mbili. Inahitajika kupasuliwa, na mapema, mu majuma ya kwanza. Gumba likipona limelegea, mutu hawezi kubana ufunguo wala kufungua chupa. Kwa hivi, gumba lililovimba upande wa ndani lisingoje juma la pili.

Njia ya 5: Kufunga mukono muzima.
Hii tunaiona sana: mbao bapa chini ya kiganja, vidole vyote vinne vimenyooshwa, bandeji tangu ncha mpaka kiwiko. Inaonekana kazi kubwa, na jamaa wanafurahi. Lakini A zote zimefungwa zimenyooka, na jaribio letu limekwisha kuonyesha matokeo yake. Tena vidole vitatu vizima vimefungwa jela kwa kosa la kidole kimoja. Kwa saa chache za njia kuelekea hopitali inakubalika. Kwa majuma, hapana.

Tukilinganisha kwa kifupi:
– Kiungo imara, inauma tu: Njia ya 1.
– B inalegea kidogo ubavuni: Njia ya 2, kisha ya 1.
– B ilipinda kwa nyuma: Njia ya 3, kisha ya 1.
– Gumba: Njia ya 4, na munganga siku za kwanza.
– Kiungo kimefunguka kabisa, kimehama, au kuna kidonda: hopitali, leo leo. Ku B, hata ligamenti iliyokatika kabisa mara nyingi inapona bila kupasuliwa, lakini munganga njo anachagua.

Unaona kwamba kila mara tunapigana na adui wawili. Ulegevu unataka tufunge. Ukavu unataka tufungue. Banzi nzuri ni ile inayomushika wa kwanza bila kumukaribisha wa pili.

IV. VIDOLE VINAVYODANGANYA

Kuna vidole viwili vinaonekana sawa ligamenti, kumbe ni kano.
1. Ncha imeanguka, C haiwezi kunyooka yenyewe. Kano ya mgongo imekatika. Hapa banzi inashika C imenyooka usiku na mchana, juma 6 mpaka 8, bila kuacha. Ncha ikianguka hata mara moja wakati wa kuoga, hesabu inaanza upya.
2. B imevimba na mwenyewe hawezi kuinyoosha kwa nguvu yake, lakini mwingine anaweza kumunyooshea. Ni kano ya katikati. B ifungwe imenyooka karibu juma 6, C ikunjwe kila siku. Wakiifunga kwa Njia ya 1 kama kiungo cha ngazi ya 1, kidole kitapinda kwa maisha.
Kwa hiyo mbele ya kusema «ni kuteguka tu», mwambie mwenzako: nyoosha kidole wewe mwenyewe. Akishindwa, apelekwe.

V. KU KIWANJA, SAA YA KWANZA

1. Toa pete upesi, mbele kidole hakijavimba.
2. Weka mukono mu maji ya baridi, au barafu ndani ya kitambaa, dakika 10 mpaka 15. Barafu isiguse ngozi bila kitambaa.
3. Inua mukono juu ya moyo.
4. Funga kwa muda kama kilivyo, bila kunyoosha kwa nguvu.
5. Angalia ncha: ikiwa baridi, nyeupe, ya bluu au imekufa ganzi, legeza kamba mara moja.
6. USIVUTE. Kidole kilichohama kinaweza kuwa na mufupa uliovunjika, na bamba linaweza kuingia katikati ya kiungo. Ukivuta, unalikaza.
7. Usikande kwa maji ya moto wala kusugua mafuta siku za kwanza. Damu inaongezeka ndani na uvimbe unapanda.

Wazee wetu wanaofunga mifupa tunawaheshimu. Mzee anayejua kazi yake atafunga kijiti vizuri na kusema «nenda upige radio». Yule anayevuta mpaka kilie «ko!» na kusema kimepona, mukimbie kwa heshima.

Mwisho, musishangae kidole kikibaki kinene. Kiungo cha B kinaweza kuvimba miezi mingi, hata karibu mwaka, na wakati mwingine hakirudi wembamba wake. Haina shida, kama kinakunjwa na kunyooka. Mazoezi ya kukunja pole pole, mara nyingi kwa siku, njo dawa ya sehemu ya pili.

Robert Kidiaba tunamukumbuka wote, golikipa wa TP Mazembe aliyefika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu ku Abu Dhabi, Desemba 2010. Kila mtoto wa Katanga aliyesimama mu lango anataka kuruka sawa yeye. Aruke! Lakini mikono ile aitunze, maana nyuma ya mechi kuna daftari, na nyuma ya daftari kuna kazi.

VI. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Msichana wa handibol, kidole kidogo kimesukumwa kwa nje, mbali na kidole cha pete. Ligamenti gani imevutwa, na kifungwe na nani?
2. Juu ya nini A haifungwi imenyooka kwa majuma?
3. Mwenzako alifungwa banzi iliyonyooka ku B kwa ngazi ya 2. Leo ni siku ya 30, hajarudi ku munganga. Umwambie nini?
4. Banzi gani haifunguliwi hata kwa kuoga?

Majibu: (1) Ligamenti ya upande wa kidole cha pete, kifungwe na kidole cha pete. (2) Ligamenti zake zinakuwa fupi mu ulegevu, A haikunji tena. (3) Siku zake zimepita. Aende leo, mbele B haijakauka. (4) Ile ya ncha iliyoanguka, ya C.

Mwenye swali lingine aliandike ku kikaratasi na kulitia mu sanduku la bulletin. Tutamwomba mwalimu wa Biolojia atusaidie kujibu mu namba inayofuata.

Kapita wa Wanafunzi,
Mwaka wa 6 Bio-Chimie